Neno Linapogeuza Farasi: Takriri katika Nathari ya Kiarabu

Nilipoanza kutafsiri kutoka Kiarabu, kazi yangu kubwa ilikuwa kufuta. Nakumbuka khutba moja ya kurasa nne kuhusu mauti. Mwandishi alisema "hofu na woga", nikaacha hofu peke yake. Alisema "walilia kilio", nikaandika "walilia". Wazo alilolitaja mwanzoni, akalirudia katikati na kulirejea tena mwishoni, mimi nililibakiza pale mwanzoni tu, na kurasa nne zikawa mbili na nusu. Nikampelekea mzee aliyenifundisha nahau, yaani sarufi ya Kiarabu, nikiwa na hakika ya kusifiwa. Aliisoma kwa sauti, taratibu, hadi mwisho. Kisha akaniambia: "Huyu bwana alikuwa analia. Wewe umetoa habari kwamba alilia."

Yalinichoma maneno yale, na ndiyo yaliyonifanya nianze kuuliza: kwa nini nathari ya Kiarabu, maandishi yasiyo ya kishairi, inarudia sana, na inaporudia, inarudia nini hasa?

Tuanze na neno lenyewe, maana tunalo nyumbani. Mwanafunzi wa Kiswahili anajua kukariri, na siku hizi neno hili limeharibikiwa jina: aliyekariri ni yule aliyeshika maneno bila kuyaelewa. Akifika kidato cha tatu au cha nne anakutana na ndugu yake, takriri, yaani kurudia neno au wazo kwa makusudi, katika somo la fasihi. Yote mawili yametoka kwenye mzizi wa Kiarabu wenye herufi k-r-r, na kitenzi chake, karra, kilikuwa neno la vita. Mpanda farasi ameshambulia, amepita, kisha amegeuza farasi na kurudi kushambulia upya: huko ndiko kukarra. Namna ya kupigana ya Waarabu wa kale iliitwa karr na farr, kurudi na kukimbia. Kwa hiyo anayeona takriri kama neno lililosahauliwa mahali pake likaandikwa tena kwa bahati mbaya, mzizi wenyewe unampinga. Neno limegeuza farasi. Limerudi kwa sababu pigo la kwanza halikumaliza kazi.

Je, kuna wakati linarudi bure? Ndiyo, na Waarabu wenyewe walilisema hilo tangu zamani. Al-Jahiz, mwandishi mkubwa wa Basra aliyefariki karibu na mwaka 869, anasimulia katika kitabu chake cha al-Bayan wa al-Tabyin kisa cha Ibn al-Sammak, mhubiri aliyesifika. Siku moja alikuwa akizungumza na watu, na kijakazi wake yuko mahali anamsikia. Alipomaliza akamwuliza: umeyaonaje maneno yangu? Kijakazi akajibu: mazuri mno, ila unayarudiarudia. Akasema: narudia ili asiyefahamu afahamu. Kijakazi akamjibu: mpaka asiyefahamu afahamu, aliyefahamu ameshachoka.

Mpaka leo sijaona mtu aliyeueleza mgogoro huu vizuri kuliko mwanamke yule, na jina lake hatukupewa. Kila msemaji mbele ya kundi yuko baina ya watu wawili, mmoja bado na mwingine tayari, na kila anachokirudia kinamsaidia huyu kikimchosha yule. Al-Jahiz mwenyewe hakutoa hukumu ya mkato. Alisema takriri haina mpaka wa kufikia, wala haielezeki kwa kipimo kimoja. Kipimo chake ni wasikilizaji waliohudhuria, wakiwa watu wa kawaida au wateule. Akaongeza kwamba Mwenyezi Mungu amerudia katika Kurani visa vya Musa, Hud, Ibrahim, Lut, Adi na Thamud, kwa kuwa aliwasemesha watu wa kila namna, na wengi wao wameghafilika.

Sasa tumtazame al-Jahiz akifanya kazi. Kitabu hicho hicho anakifungua kwa dua, na dua yenyewe ni somo. Inakwenda hivi: Ewe Mola, tunajikinga Kwako na fitina ya kusema kama tunavyojikinga Kwako na fitina ya kutenda; na tunajikinga Kwako na kujikalifisha tusiyoyamudu kama tunavyojikinga Kwako na kujiona kwa tunayoyamudu; na tunajikinga Kwako na ukali wa ulimi na upayukaji kama tunavyojikinga Kwako na ububu na kukwama kwa maneno.

Hesabu. Naudhu bika, "tunajikinga Kwako", imetajwa mara sita katika sentensi moja. Ningekuwa na kalamu yangu ya siku zile ningeandika: "Tunajikinga Kwako na fitina ya kusema na ya kutenda, kujikalifisha na kujiona, kupayuka na kukwama." Habari yote imo, na dua imekufa. Kilichokufa ni nini? Kwanza ni mizani. Kila "tunajikinga" ya pili imesimama mkabala na ya kwanza kama sahani mbili za mizani, na juu ya sahani hizo al-Jahiz ameweka vitu vinavyopingana: kusema dhidi ya kutenda, tusiyoyamudu dhidi ya tunayoyamudu, maneno mengi dhidi ya kukosa neno. Takriri ndiyo mtambaa wa mizani hiyo. Ukiuondoa, unabaki na orodha, na orodha haipimi kitu. Pili, anayeomba kinga anaomba kila mara upya. Mtu anayeogopa hasemi "nisaidie na haya sita yafuatayo". Tatu, na hapa ndipo ninapompenda al-Jahiz zaidi, anajikinga na upayukaji kwa tungo inayorudia mara sita, na bado haipayuki. Ameonyesha kwa vitendo kwamba kurudia na kupayuka ni vitu viwili mbali.

Mtindo huu Waarabu wanauita izdiwaj, kuoanisha: vishazi viwili vinakwenda sambamba kwa urefu na umbo, bila kulazimika kuwa na vina. Ukiongeza vina unapata saji, na kutoka kwenye saji zikazaliwa makama, visa vya nathari yenye vina, za al-Hamadhani, aliyefariki mwaka 1008, na za al-Hariri, aliyefariki mwaka 1122. Huko kuna mambo mengi ya kusemwa, lakini makama zinataka makala yake.

Sababu nyingine ya takriri imo ndani ya mwili wa lugha. Sisi tumepokea kitabu, katibu, maktaba, mkataba na katiba, tukavipanga kila kimoja kwenye rafu yake. Tumepokea hukumu, hakimu, mahakama na hekima. Mswahili hasikii sauti moja ikipita katika maneno haya, wala hana haja. Kwa Mwarabu, kila kimoja kati ya vitano vya mwanzo kinagonga kengele ile ile ya k-t-b, kwa kuwa kitenzi chenyewe cha kuandika ni kataba. Sisi tukisema "katibu aliandika kitabu", sauti za kitenzi zinatofautiana na za majina. Kwa Kiarabu, kataba al-katibu kitaban, herufi tatu zinapiga mara tatu. Mwandishi wa Kiarabu amekuta takriri imekwisha jaa kwenye udongo anaofinyangia, na ufundi wake ni kuamua aisikilizishe au aifiche.

Ibn Jinni, mwanasarufi aliyefariki mwaka 1002, alikwenda mbali zaidi. Katika al-Khasais anasema Waarabu walifanya sauti zifanane na maana: kitendo kikirudiwa, herufi nayo inarudiwa. Kasara ni kuvunja. Kassara, yenye s iliyokazwa, ni kuvunjavunja. Na maneno ambayo nusu yake ya pili ni mwangwi wa nusu ya kwanza, anasema, huja kwa mambo yanayorudi yenyewe, kama zaza'a, kutikisika, na qalqala, kutukutika. Kiswahili kimebeba baadhi ya maneno ya umbo hili bila kuyafungua. Zilizala ni ardhi inayotikisika ikatikisika tena. Silsila ni mnyororo, pete baada ya pete. Na wasiwasi ni mnong'ono unaokuambia, ukiufukuza, unarudi kukuambia. Nadhani kila aliyewahi kulala na wasiwasi anajua kwamba neno lile limeundwa sawasawa.

Kuna pia kile nilichokifuta katika "walilia kilio". Nahau ya Kiarabu inakiita mafuul mutlaq: kitenzi kinafuatwa na jina lililozaliwa nacho. Kurani inasema wa kallama Allahu Musa taklima, yaani Mwenyezi Mungu alisema na Musa kusema hasa (4:164). Wanasarufi walieleza kwamba jina lile likija nyuma ya kitenzi hufunga mlango wa majazi. Bila taklima mtu angeweza kudai kwamba kusema hapa ni kwa mfano tu, kama mtu asemavyo "mlima uliniambia". Neno la pili limekuja kukataa tafsiri ambayo neno la kwanza lingeiruhusu. Hiyo ni kazi ya kisheria kabisa.

Mfano ninaoupenda kupita yote uko katika Sura ya 94, aya ya 5 na ya 6. Fa inna maa al-usri yusra, inna maa al-usri yusra. Kwa hakika pamoja na uzito kuna wepesi, kwa hakika pamoja na uzito kuna wepesi. Macho yanaona kitu kimoja mara mbili. Lakini usr, uzito, lina kitambulishi al-, na yusr, wepesi, halina. Katika Kiarabu jina lenye kitambulishi likirudiwa, kwa kawaida linamrejelea yule yule wa mwanzo. Lisilo nacho likirudiwa, linaleta mwingine. Basi uzito ni ule ule mmoja, na wepesi ni wawili. Ndiyo maana wanazuoni wa kale walipokea kauli kwamba uzito mmoja hautazishinda wepesi mbili. Takriri hapa imefanya hesabu: imeongeza kitu ambacho hakikuwemo kabla sentensi haijarudi. Kiswahili hakina al-, kwa hiyo tafsiri zetu zinabaki na msisitizo, na hesabu inapotea njiani. Nimejaribu mara nyingi kuiokoa. "Uzito huo" katika aya ya pili inasaidia kidogo.

Na Sura ya 55, ar-Rahman? Ina aya 78, na 31 kati yake ni swali moja: basi ipi katika neema za Mola wenu mnayoikanusha? Ibn Qutayba, aliyefariki mwaka 889, aliwajibu waliouliza faida ya wingi huo kwa kuwarudisha kwenye maisha. Kila neema imetajwa, swali likawekwa baada yake, ili kuwe na mpaka kati ya neema na neema na kila moja ikiriwe peke yake. Ni kama mtu uliyemtendea wema miaka mingi akaukana wote, ukamwambia: hukuwa fukara nikakutajirisha, unalikana hili? Hukuwa uchi nikakuvisha, unalikana hili? Swali ni lile lile kwa maneno, lakini kila mara linashika kosa lingine.

Haya yote yanadai sikio. Hati za Kiarabu za zamani hazikuwa na alama za uakifishi kama tunazozijua. Ni mwaka 1912 ambapo Ahmad Zaki alitoa Cairo kitabu chake cha kuziingiza katika uandishi wa Kiarabu. Kabla ya hapo msomaji alijuaje kuwa wazo limeisha na jingine limeanza? Alisikia. Kishazi kilichooanishwa na chenzake kinajifunga chenyewe, neno la mwanzo likirudi linasema "hapa tunaanza tena", na wa ile ya Kiarabu, yenye maana ya "na", inayowachosha watafsiri, inafanya kazi ya mkato na nukta.

Na usemi wa mdomo ulikuwa na mwili. Katika Hadithi iliyopokewa na Abu Bakra, Mtume (S.A.W.) anayataja madhambi makubwa kuliko yote: kumshirikisha Mungu, kuwaasi wazazi. Alikuwa ameegemea, akakaa wima, akasema: na kauli ya uzushi, na ushahidi wa uzushi. Akawa anairudia na kuirudia, hata masahaba wakasema laiti angenyamaza, kwa kumhurumia. Marudio yale na kule kuinuka ni ishara moja. Madhambi mawili ya mwanzo yalitosha kutajwa; la tatu, ambalo ulimi huliona jepesi, lilihitaji uzito kutoka nje.

Watu wa Pwani wanayo nathari ya Kiarabu yenye takriri wanayoisikia kila mwaka, pengine bila kuiita nathari. Maulidi ya Barzanji, yaliyotungwa na Ja'far al-Barzanji, mufti wa Kishafii wa Madina katika karne ya 18, si shairi. Ni masimulizi ya nathari, yanayoanza Abtadiu al-imlaa bismi dhati al-aliyyah, na kutoka hapo sauti ya -iyyah inarudi ukingoni mwa vishazi kama wimbi linalorudi ufukweni. Kila fasili inapokwisha huja dua ile ile, Attiri Allahumma qabrahu al-karim, na hadhira nzima inaipokea. Msomaji mmoja amesimulia, wote wamejibu, ubani unafuka, fasili nyingine inaanza. Mtoto asiyejua Kiarabu anajua mahali pa kuingia. Jiulize fasili hizo zingesomwa bila kiitikio hicho: hadhira ingekuwa na kazi gani?

Hata zama za uchapaji hazikuimaliza sauti. Taha Hussein, mwandishi wa Misri aliyezaliwa mwaka 1889 na kupoteza macho utotoni, alitunga kwa kusema huku mwingine akiandika. Katika kurasa za kwanza za al-Ayyam, kitabu cha maisha yake mwenyewe, kitenzi cha kukumbuka kinarudi na kurudi: hakumbuki siku ile, anakumbuka ua wa matete, anakumbuka ulivyokuwa mrefu kuliko yeye. Msomaji anapapasa pamoja na mtoto, kumbukumbu moja baada ya nyingine.

Nisije nikaonekana natetea kila neno linalorudiwa. Al-Khattabi, aliyefariki mwaka 998, aligawa takriri mafungu mawili: ile isiyohitajika, isiyo na faida mpya, hiyo ni ya kulaumiwa, na isiyokuwa hivyo. Ibn al-Athir, aliyefariki mwaka 1239, alitofautisha kurudia neno pamoja na maana yake na kurudia maana peke yake kwa neno jingine, akasema kila aina ina yenye faida na isiyo na faida. Kipimo cha wote ni faida. Nikikitumia kipimo hicho kwa nathari rasmi ya leo, taarifa za mikutano na tahariri nyingi za magazeti ya Kiarabu, naona jozi zinazotembea kwa mazoea: usalama na uthabiti, kuunga mkono na kusaidia, udugu na urafiki. Neno la pili halijageuza farasi, linakokotwa. Sisi nasi tunazo: amani na utulivu, heshima na taadhima, kwa hali na mali. Lakini hapo napo ni vizuri kwenda pole. "Amani na utulivu" ni neno la Kiarabu na neno la Kibantu yakishikana, na huenda kuna wakati la pili lilikuwa likilifafanulia la kwanza.

Katika karne ya 20 mjadala huu ulihamia vyuo vikuu vya Marekani. Mwaka 1966 Robert Kaplan alichapisha makala yaliyochora kila kundi la lugha kwa mstari wake wa fikra: Kiingereza mstari ulionyooka, lugha za Kisemiti mistari inayorudi sambamba. Mchoro ule ulipendwa kwa wepesi wake na ukadhuru kwa wepesi huo huo, kwani wengi walitoka hapo wakiamini kwamba Mwarabu hafuati hoja. Barbara Johnstone, mwanaisimu aliyeandika makala ya mwaka 1983 na kitabu cha mwaka 1991 juu ya marudio katika Kiarabu, alisoma kwa makini zaidi. Aliona kwamba hoja ya Kiarabu mara nyingi hushawishi kwa kuwekwa mbele ya msikilizaji tena na tena, kwa maneno yaliyobadilishwa kidogo, mpaka iwepo isipingike. Hapo namkubali. Alipoihusisha namna hiyo na jamii zenye ngazi za mamlaka, ambako ukweli hautiliwi shaka, simfuati. Al-Jahiz alikuwa Mu'tazila, mfuasi wa kundi la wanatheolojia walioegemea hoja za akili, mtu wa mijadala katika miji iliyojaa wapinzani wake. Alirudia kwa kuwa alipingwa kila siku.

Na kuna takriri iliyobadilisha ramani. Tarehe 26 Julai 1956, Gamal Abdel Nasser, rais wa Misri, alihutubia Alexandria. Katika hotuba ile alilitaja jina la de Lesseps, Mfaransa aliyesimamia uchimbaji wa Mfereji wa Suez, kisha akalitaja tena, na tena. Umati ulisikia historia ya dhuluma. Watu wa Mahmud Yunis, mhandisi aliyekabidhiwa kazi ya kuutwaa mfereji, walioketi na redio zao kando ya mfereji, walisikia amri: jina lile lilikuwa ishara ya kuingia katika ofisi za kampuni ya mfereji na kuzitwaa. Alilirudia ili lisije likawapita. Maneno ya Ibn al-Sammak, ili asiyefahamu afahamu, hayajawahi kubeba mzigo mkubwa kuliko huo.

Sasa nirudi kwenye meza yangu. Ninapotafsiri leo, kila neno linaporudi nalifanyia mtihani mmoja: nalifuta, nasoma kwa sauti, nasikiliza kilichoondoka. Zile "tunajikinga Kwako" sita nimezirudisha zote. Jozi za mazoea naziunganisha bila huruma. Pagumu ni pale Kiswahili chenyewe kinaporudia kwa sheria zake. Kitenzi chetu kikirudiwa, mara nyingi hupungua nguvu: anayechekacheka hacheki sana. Kwa hiyo msisitizo wa Kiarabu ukitiwa moja kwa moja kwenye kitenzi cha Kiswahili unaweza kugeuka kuwa mzaha.

Lakini kuna mahali lugha mbili hizi zinakutana. Sura ya 89, aya ya 21 na ya 22: ardhi itakapopondwa dakkan dakkan, na Malaika wakaja saffan saffan. Wafasiri walieleza kwamba saff ya pili haikuja kukazia ya kwanza. Maana yake ni safu baada ya safu. Darasani niliona wanafunzi wenye lugha nyingine za kwanza wakihangaika kuelewa ni vipi neno lile lile likitajwa mara mbili liache kuwa msisitizo. Mswahili aliyekaa nyuma yao hakuhitaji maelezo. Aliinua mkono, akasoma: ardhi vipande vipande, Malaika safu safu.